Umelipa, Lakini Bado Iko

Afisa wa mikopo aligeuza skrini ya kompyuta ili kijana ajisomee mwenyewe ripoti yake ya mikopo.

Kijana ni wa bodaboda. Ofisi ni ya sacco moja mjini Nakuru, na alichofuata ni mkopo wa pikipiki mpya. Mezani alikuwa ametandaza nakala ya kitambulisho, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita na fomu ya wadhamini wawili waliokwisha kutia sahihi. Juu ya karatasi zote aliweka simu yake, imefunguliwa kwenye ujumbe wa tarehe 14 Machi 2024: Sh3,880 zimelipwa.

"Hapa bado unaonekana," afisa akamwambia.

"Nililipa, madam. Meseji ndiyo hii."

"Kulipa umelipa. Lakini iko. Itakaa mpaka Agosti 2029."

Kijana hakubisha. Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, ishirini na tano mpaka ishirini na tisa, vidole vikaisha.

Maneno hayo, umelipa lakini iko, yamenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mwanzoni nilidhani kinachonisumbua ni ukali wa ile miaka mitano. Baadaye nikaona kuna kitu kingine kwenye mazungumzo yale, kitu kidogo ambacho afisa na kijana walikipita bila kukitazama.

Nitakifikia. Kwanza tuufuate ule mstari wa deni kwenye ripoti yake tangu ulipozaliwa.

## Kila mkopaji yuko CRB

Tumezoea kusema "fulani yuko CRB", yaani kwenye kampuni zinazotunza rekodi za wakopaji, kama tunavyosema fulani yuko rumande. Usemi huo ulikuwa na ukweli zamani kidogo. Benki zilipoanza kupeleka taarifa mwaka 2010, zilipeleka za wasiolipa tu. Ukiwa na jina mle, ulikuwa na doa.

Kanuni za mwaka 2013 zilibadilisha hilo. Tangu zilipoanza kutumika 2014, mkopeshaji hupeleka taarifa zote, za anayelipa vizuri na za anayechelewa. Kwa hiyo mama aliyemaliza mkopo wake wa biashara bila kuchelewa hata siku moja naye yuko CRB, katika kampuni zote tatu zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya: TransUnion, Metropol na Creditinfo.

Swali la kujiuliza, basi, ni mstari wako unasemaje.

Mstari wenyewe si hadithi ndefu. Una jina la mkopeshaji, nambari ya akaunti, aina ya mkopo, kiasi cha awali, salio, kiasi kilichopitisha muda, idadi ya siku za kuchelewa, hali ya akaunti na tarehe kadhaa. Hauna nafasi ya kueleza kwamba ulikuwa umelazwa hospitali, au kwamba pikipiki ilikuwa kituo cha polisi wiki sita. Ni tarakimu na tarehe, basi. Ndiyo maana kila tarakimu na kila tarehe ina uzito kuliko tunavyoidhania.

## Siku tisini

Mkopo wa kijana yule ulikuwa wa benki kupitia simu: Sh2,500, wa kulipwa ndani ya siku 30, uliochukuliwa Septemba 2019. Oktoba ikapita bila malipo.

Kuchelewa siku moja hakukuingizi kwenye kundi la wasiolipa. Kwa hesabu za Benki Kuu, mkopo hupita kwanza hatua ya kuangaliwa kwa karibu, kisha ukifika siku 90 bila kulipwa ndipo unahesabiwa kuwa umekwama. Kuanzia hapo ndipo taarifa yako inaitwa hasi.

Kabla ya kuipeleka, mkopeshaji anatakiwa akupe notisi ya siku 30. Hapa ndipo watu wengi hupotezwa na jambo dogo la kawaida kabisa: laini ya simu. Notisi huja kwa ujumbe mfupi, na huja kwenye nambari uliyokopea. Aliyepoteza simu na kununua laini nyingine hupewa notisi yake kihalali, lakini hatawahi kuisoma. Ukibadilisha nambari ukiwa na mkopo, hata wa Sh500, mjulishe mkopeshaji wiki hiyohiyo, na uweke ushahidi kwamba ulimjulisha.

Jambo la pili la kujua katika siku hizi tisini ni kikomo cha riba. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu Mei 2007, kinasema mkopo ukishakwama, riba inayoendelea kuongezeka haiwezi kuzidi kiasi cha msingi kilichokuwa kinadaiwa siku ulipokwama. Deni la msingi likiwa Sh2,500, riba yote ya baadaye itaishia Sh2,500 nyingine, ukiacha gharama halali za kufuatilia deni. Benki ikikutajia Sh9,000 kwa mkopo huo, omba mchanganuo kwa maandishi kabla ya kutuma hata shilingi. Nimeona watu wanaogopa kuuliza, wakidhani aliyechelewa hana haki ya kuuliza. Anayo.

## Misamaha iliyompita kando

Kilichonishangaza nilipoupanga mstari ule dhidi ya kalenda ni hiki: tangu ulipokwama Januari 2020, nchi hii imetoa nafuu baada ya nafuu kwa walioorodheshwa, na zote zilimpita.

Aprili 2020, Benki Kuu ilichapisha kanuni mpya. Deni lililo chini ya Sh1,000 halipelekwi tena, na waliokuwa wameorodheshwa kwa viwango hivyo wakaondolewa. Siku hizohizo wakopeshaji wa mitandaoni waliokuwa hawasimamiwi na mtu yeyote walinyimwa idhini ya kupeleka majina. Lakini deni la kijana lilikuwa zaidi ya Sh1,000, na lilikuwa la benki.

Mwaka huohuo, kwa sababu ya korona, kuorodheshwa kulisitishwa kwa miezi sita kwa mikopo iliyoanza kuchelewa kuanzia tarehe 1 Aprili. Wake ulikuwa umechelewa tangu Oktoba. Usitishaji wa pili ulianza Oktoba 2021 hadi mwisho wa Septemba 2022, kwa mikopo ya chini ya Sh5 milioni iliyokuwa ikilipwa vizuri kisha ikakwama katika kipindi hicho. Wake ulikuwa umekwama zamani.

Nafuu ya nne ilimhusu.

Novemba 2022, Benki Kuu ilitangaza mpango wa kurekebisha rekodi za wakopaji wa simu. Mikopo iliyolengwa ni ya benki, ya muda usiozidi siku 30, iliyokuwa imekwama kufikia mwisho wa Oktoba 2022. Walengwa walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 4, wenye madeni ya takriban Sh30 bilioni, kiasi ambacho hakikufika hata asilimia 1 ya mikopo yote ya benki. Mkopeshaji alitakiwa kupunguza deni kwa angalau nusu na kubadilisha hali ya mstari kutoka mkopo uliokwama hadi mkopo unaolipwa. Mkopaji alikuwa na muda hadi tarehe 31 Mei 2023 kumaliza nusu iliyobaki, na akishindwa, mambo yalirudi kama yalivyokuwa.

Mkopo wa Sh2,500, wa siku 30, wa benki, uliokwama tangu 2020. Ungeweza kudhani mpango uliandikwa huku mstari wake umewekwa mezani. Ila taarifa za mpango zilitumwa kwenye laini aliyokopea, ambayo aliipoteza mwaka 2020.

Alilipa deni lote Machi 2024, karibu miezi kumi baada ya dirisha kufungwa.

## Miaka mitano ya kuanzia lini?

Hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu zaidi.

Kanuni za Kenya zinasema taarifa hasi hukaa miaka mitano kuanzia siku deni lilipomalizwa kulipwa. Soma tena mwisho wa sentensi hiyo. Kipimo hakianzi siku uliposhindwa kulipa. Kinaanza siku ulipolipa.

Weka watu wawili upande kwa upande. Wote walikwama Januari 2020. Wa kwanza akalipa Juni 2020. Mstari wake umefutika Juni 2025. Wa pili akalipa Machi 2024; wake utafutika Machi 2029, miaka tisa na ushei tangu alipokwama. Asiyelipa kabisa hana tarehe ya kuanza kuhesabia, na mstari wake unaendelea kusoma kwamba deni liko wazi.

Kwingine wamechagua njia tofauti. Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1970 ya taarifa za mikopo, deni la kawaida lililokwama huondolewa baada ya miaka saba, na hesabu huanzia kwenye kuchelewa kule kwa mwanzo, ulipe usilipe. Uingereza ni miaka sita tangu deni lilipotangazwa kukwama. Huko, mtu aliyeanguka mara moja anaijua siku atakayosafishika hata kabla hajapata pesa za kulipa.

Ni ipi yenye haki? Nimeyumba. Mfumo wetu unamlinda mkopeshaji dhidi ya mtu anayekaa kimya akingoja miaka ipite. Hilo nalielewa. Lakini fikiria mtu mwenye deni la miaka saba lililokwama, aliyepata kazi leo, anayetaka kusafisha jina lake. Akilipa leo, ndipo miaka mitano inapoanza. Siku anayofanya jambo jema kabisa ndiyo siku kifungo chake kinapoanza kuhesabiwa. Ninaamini kanuni ingeweza kuweka kikomo cha jumla, tuseme miaka saba tangu kukwama, kwa madeni madogo ya simu yaliyokwisha kulipwa. Sioni anayeumia.

Hadi hapo itakapobadilishwa, hesabu iko wazi: kila mwezi unaoahirisha kulipa, unausogeza mwisho mbele mwezi mmoja.

## Cheti si ripoti

Kijana alikuwa na cheti cha CRB. Alikiomba alipokuwa akitafuta kazi ya kampuni, wakati ule wa kukusanya karatasi tano: ya kodi kutoka KRA, ya mkopo wa masomo kutoka HELB, ya maadili kutoka EACC, cheti cha tabia njema kutoka kwa wapelelezi wa DCI, na ya CRB. Cheti kilisema hana deni lililokwama, na ni kweli. Tangu kanuni za 2020 cha kwanza hutolewa bure.

Ndiyo maana skrini ya sacco ilimchanganya. Cheti hujibu swali moja: leo, kuna deni lililokwama kwa jina hili? Ripoti hujibu swali refu zaidi: miaka hii yote, umekuwa ukilipaje? Ndani ya ripoti utakuta akaunti zimegawanywa, zilizokwama peke yake, zinazolipwa vizuri peke yake, na katikati yake zile zilizotulia lakini zenye historia ya kuchelewa. Mstari wake uko katika kundi hilo la kati. Si deni. Ni kumbukumbu ya deni.

Na kampuni ya CRB haikatai wala haikubali mkopo. Sacco ndiyo iliyoamua kwamba historia ya Sh3,880 inatosha kumrudisha mtu nyumbani. Ingeweza kuamua vinginevyo, kwa kuongeza mdhamini wa tatu au kupunguza kiasi. Mkopaji anaweza kuliomba hilo pale pale mezani, tena kwa heshima. Ukinyimwa kwa sababu ya ripoti, una haki ya kuambiwa hivyo na kupata nakala ya ripoti hiyo. Mbali na hapo, kila kampuni inakupa ripoti moja bure kwa mwaka.

Kampuni ni tatu. Ripoti tatu za bure.

Zichukue zote, kwa sababu mstari unaweza kurekebishwa kwa moja ukabaki mchafu kwa nyingine.

## Mahali mambo huharibikia

Makosa mengi hayatoki kwa CRB. Yanatoka kwenye faili ambalo mkopeshaji hulituma kila mwezi. Asipolisahihisha lake, kosa utakalofutiwa leo litarudi na faili la mwezi ujao.

La kawaida ni salio la mabaki. Umelipa kiasi ulichoambiwa kwa simu siku ya Jumatatu, lakini pesa zilipoingia Jumatano riba ya siku mbili ilikuwa imeongezeka. Sh37 zinabaki. Akaunti haifungwi, na siku za kuchelewa zinaendelea kuhesabiwa. Dawa yake ni barua ya kumaliza deni: usiondoke bila mkopeshaji kuandika kwamba salio ni sifuri na akaunti imefungwa. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulituma pesa. Hauthibitishi kwamba akaunti imefungwa.

Kuna akaunti ya benki iliyoachwa bila kufungwa. Mtu kahama kazi, mshahara umehamia benki nyingine, akaunti ya zamani inaendelea kukatwa ada ya kila mwezi mpaka salio linaingia chini ya sifuri. Kwa benki, hilo ni deni. Mwenyewe hakumbuki hata nambari ya akaunti. Ukihama benki, funga kwa maandishi.

Kuna wakala wa kukusanya madeni anayekuambia utume kwa nambari yake binafsi ili "akusaidie haraka". Usitume. Lipa kwa paybill ya mkopeshaji pekee, na uandike nambari ya akaunti ya mkopo sawasawa, maana tarakimu moja ikikosewa pesa huingia kapu la malipo yasiyojulikana na deni lako halijaguswa.

Na kuna mdhamini. Uliyemtilia sahihi kwenye sacco akitoroka, deni linakugeukia wewe. Wadhamini wawili wa kijana yule walikuwa wametia sahihi bila kuuliza chochote. Nadhani walikuwa wenzake wa steji.

## Machi na Agosti

Sasa lile jambo dogo.

Afisa alisema mpaka Agosti 2029. Ujumbe wa M-Pesa uliokuwa mezani, sentimita chache kutoka mkono wake, ulisema 14 Machi 2024. Miaka mitano kutoka Machi 2024 ni Machi 2029. Agosti ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye mstari wenyewe. Tarehe ya kumaliza deni iliyoandikwa pale ilikuwa ya Agosti 2024. Kijana alilipa Machi, na mkopeshaji akaja kuifunga akaunti kwenye mfumo wake miezi mitano baadaye, kisha akapeleka tarehe ya kufunga badala ya tarehe ya kulipwa. Hakuna aliyeiba kitu. Karani fulani alikuwa anasafisha akaunti za zamani kwa mkupuo. Lakini kwa kuwa miaka mitano inahesabiwa kutoka tarehe hiyo, uzembe wa miezi mitano wa mtu mwingine umehamia kwenye rekodi ya kijana huyu.

Ukiwa na ripoti yako mkononi, usiishie kutazama kama imeandikwa kwamba umelipa. Itazame tarehe, uiweke kando ya risiti.

Zikitofautiana, malalamiko ni ya maandishi na hupelekwa kwenye kampuni ya CRB iliyotoa ripoti, nakala kwa mkopeshaji. Yasiwe marefu. Taja nambari ya akaunti kama ilivyo kwenye ripoti, tarehe iliyoandikwa, tarehe sahihi, na unachotaka kibadilishwe. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, barua ya kumaliza deni kama unayo, na taarifa kamili ya M-Pesa ya mwezi uliolipa, ile ya PDF yenye nenosiri. Picha ya skrini peke yake hubishiwa. Ndani ya siku tano za kazi kampuni inatakiwa kuweka alama kwenye mstari kwamba unabishaniwa, na kumwandikia mkopeshaji. Siku 21 zikiisha bila uchunguzi kukamilika, taarifa inayolalamikiwa inatakiwa kufutwa. Andika tarehe uliyopeleka barua, na uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri au jibu la barua pepe limehifadhiwa, kwa sababu siku hizo 21 bila ushahidi wa siku ya kwanza hazihesabiki. Wakikaa kimya bado, kuna Benki Kuu, na kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kusahihishiwa taarifa isiyo sahihi.

Kijana alikuwa na kila kilichohitajika kwenye simu ile iliyokuwa juu ya meza: msimbo wa herufi na tarakimu kumi, kiasi, nambari ya paybill, tarehe, saa ya kutuma. Alikuja kuionyesha ili athibitishe kwamba alilipa, na hilo hakuna aliyelibisha. Kilichobaki ni mtu mmoja pale mezani aisome tarehe kwa sauti.

Machi, si Agosti.